Kijisanamu Kimoja, Askari Wangapi?

Mwaka 1913 H. G. Wells, ambaye dunia ilikuwa imekwisha kumjua kwa hadithi za mashine ya kusafiri katika nyakati na za wavamizi kutoka Mirihi, alitoa kitabu chembamba kiitwacho Little Wars. Humo watu wazima, wenye familia na heshima zao, wanatambaa sakafuni kwa magoti wakilenga shabaha. Silaha yao ni kizinga cha kuchezea cha kampuni ya Britains, chenye springi tumboni, kinachorusha kijiti cha mbao hadi upande wa pili wa chumba. Askari wa kusubu akigongwa akaanguka, amekufa. Akibaki wima, yu hai. Hakuna dadu, hakuna majedwali. Askari wa miguu husogea futi 1 kwa zamu, mpanda farasi futi 2, na makundi mawili yakikutana ana kwa ana, watu huuana mmoja kwa mmoja.

Maafisa wa jeshi la Uingereza waliupenda mchezo huo kuliko mwenyewe alivyotarajia. Walimwandikia kwamba mchezo wao wa kivita, ule waliourithi kutoka kwa Wajerumani, ulikuwa mkavu na wa kuchosha, mwamuzi akiingilia kati kila hatua. Wells akaongeza sura mwishoni mwa kitabu, kwa msaada wa ushauri wa Kanali Mark Sykes, kuhusu namna ya kuukuza mchezo wa sakafuni ufae mafunzo ya jeshi. (Sykes ndiye yule ambaye miaka mitatu baadaye alikaa na Mfaransa Picot wakaigawa Mashariki ya Kati kwa penseli. Mazoezi ya sakafuni hayakupotea bure.)

Sura hiyo fupi ilikuwa mwanzo wa kazi ambayo wapenzi wa michezo ya kivita wangali wanaifanya: kuchukua kanuni zilizotungwa kwa ajili ya watu ishirini wanaorushiana risasi nyuma ya ukuta, na kuzifanya zibebe jeshi la watu elfu ishirini. Anayelitazama jambo hili kwa mbali hudhani ni suala la kuzidisha tu. Zidisha askari kwa mia, panua meza, nunua dadu zaidi. Waliojaribu hivyo waliishia usiku wa manane wakiwa katika zamu ya tatu.

Wajerumani walikuwa wamelifikia tatizo hilo kwa mlango wa nyuma, karibu karne moja kabla ya Wells. Mwaka 1812 ofisa wa serikali ya Prussia, Georg Leopold von Reisswitz, alimpelekea Mfalme Friedrich Wilhelm III meza ya ajabu. Juu yake palipangwa vigae vilivyochorwa mito, mashamba na vijiji, na mchezaji aliweza kuvipanga upya kila mara akapata nchi mpya ya kupigania. Kilikuwa kitu cha fahari, cha kukaa ikulu. Mwanawe, Georg Heinrich, luteni wa mizinga, aliitupa fahari yote. Badala ya vigae alitumia ramani za kawaida za kijeshi, kipimo cha 1 kwa 8,000, na mwaka 1824 akachapisha kanuni za Kriegsspiel. Zamu moja iliwakilisha dakika 2. Vikosi vilikuwa vipande vidogo vya rangi nyekundu na buluu. Wachezaji waliandika amri, mwamuzi akazisoma, akarusha dadu, akatazama jedwali, kisha akawaambia kile tu ambacho macho yao yangeweza kuona kutoka pale walipokuwa.

Inasimuliwa kwamba Mnadhimu Mkuu wa jeshi la Prussia, Karl von Müffling, alikuja kuutazama mchezo huo kwa uso wa mtu aliyelazimishwa. Kadiri saa zilivyopita alichangamka, na mwisho akatamka kwamba kile hakikuwa mchezo hata kidogo, ni mafunzo ya vita. Akaupendekeza kwa jeshi zima. Sifa hizo hazikumsaidia sana mtungaji: alihamishiwa Torgau, na mwaka 1827 akajiua kwa risasi.

Kinachovutia katika Kriegsspiel ni kile ambacho Reisswitz kijana hakukijumuisha. Hakumweka askari hata mmoja. Kipande cha rangi hakikuwa na uso wala jina. Kilikuwa na nguvu zinazopungua kila kinapopigwa, basi. Tangu mwanzo alikuwa ameamua kwamba jenerali hajui, wala hahitaji kujua, kama askari wa tatu kutoka kushoto amekosa shabaha. Na bado majedwali yake yalionekana mazito. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alipendekeza mwamuzi aliyebobea aachane nayo kabisa, aamue kwa uzoefu wake tu.

Wako waliokataa kusahau askari hata mmoja. Mwaka 1838 Luteni William Siborne alionyesha London mfano wa uwanja wa Waterloo, wenye vijisanamu zaidi ya 70,000, kila kimoja kikubwa kama ukucha wa kidole. Miaka ya kazi, deni lililomwelemea, na ugomvi na watu wa Duke wa Wellington kuhusu mahali hasa walipokuwa Waprusia jioni ile. Mfano huo uko hadi leo katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Jeshi, London. Na hata kwa wingi huo, kila kijisanamu kilisimama badala ya watu wawili hivi. Juni 2019 wachezaji walikusanyika Glasgow wakaipigana upya Waterloo kwa vijisanamu zaidi ya 20,000, kwa ajili ya shirika linalowasaidia askari wastaafu. Ilikuwa sherehe kubwa, na ilihitaji ukumbi mzima na watu wengi wa kusogeza. Siku ya kawaida mchezaji ana meza ya kulia chakula, marafiki wawili, na mke anayeuliza meza itaachwa lini.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili mchezo ulirudi mikononi mwa raia. Mwaka 1962 Donald Featherstone, aliyekuwa askari wa vifaru vitani na kisha mtaalamu wa viungo aliyewakanda wachezaji wa soka wa Southampton, alitoa kitabu War Games, na vijana wengi wa Uingereza wakajifunza kutoka kwake kwamba dadu zinaweza kufanya kazi ya kizinga cha Wells bila kuvunja vikombe. Mwaka huohuo, Marekani, Joseph Morschauser alifanya jambo ambalo halikupigiwa makofi ya kutosha. Aliwabandika askari wake juu ya kibao, wakawa kitu kimoja. Kibao ndicho kinachosogea, kibao ndicho kinachopigana, kibao ndicho kinachoondolewa. Aliyebandikwa humo hafi peke yake.

Wengine walichagua njia ya uwiano. Kanuni za kale za Wargames Research Group, zilizoanza kuchapishwa 1969, ziliweka kijisanamu 1 kwa askari 20. Chainmail, ya Gary Gygax na Jeff Perren, mwaka 1971, nayo ilishika 20 kwa 1 kwa mapigano makubwa, lakini ikaweka sehemu ya pili ya mtu mmoja kwa mmoja, kwa ajili ya kuzingira ngome na vurumai za milangoni. Kitabu kimoja, vipimo viwili. Sehemu ile ya mtu mmoja mmoja, pamoja na nyongeza ya mazimwi na wachawi, ndiyo iliyosaidia kuzaa Dungeons & Dragons mwaka 1974. Kwa maneno mengine, mchezo maarufu kuliko yote ya jamii hii ulitokana na watu waliokwenda kinyume cha makala haya: walikuwa na jeshi, wakalipunguza mpaka akabaki shujaa mmoja na upanga wake.

Mcheza bao wa Zanzibar angelishangaa fujo zote hizi. Katika bao zipo kete 64, na hakuna aliyewahi kuuliza kete moja ni watu wangapi. Ukiteka, zile ulizoteka zinapandwa upande wako zikupiganie. Hiyo ni vita iliyosahau kila kitu isipokuwa hila. Mchezaji wa vijisanamu hawezi kufika huko, kwa sababu amekaa wiki tatu akipaka rangi vifungo vya koti.

Rangi hiyo ya vifungo ndiyo iliyowavuta watu kwenye mapambano madogo. Mwaka 1970 kikundi cha Bristol, wakiwemo Mike Blake, Steve Curtis na Ian Colwill, kilichapisha kanuni za mapigano ya bastola ya Magharibi ya Marekani. Mchezaji alikuwa na watu wawili, watatu, labda wanne. Kila mmoja alikuwa na jina lake, wepesi wake wa kuchomoa, na bahati yake mbaya. Risasi ilipompata, dadu zilisema kama ni mkono, mguu au kifua. Zamu ilikuwa sekunde chache. Utamu wake hausemeki: Johnny ameishiwa risasi, amejificha nyuma ya pipa, mguu unavuja damu, na sherifu anakuja.

Sasa jaribu kufanya hivyo kwa watu 400. Ikiwa risasi ya mtu mmoja inachukua nusu dakika ya dadu na jedwali, zamu moja ya kufyatua itakula zaidi ya saa 3. Nusu ya watu hao hata hawajasogea bado.

Mwaka 1979 Mmarekani Larry Brom alitoa The Sword and the Flame, kanuni za vita vya kikoloni vya karne ya 19. Kikosi chake ni watu 20. Nani asogee kwanza? Vuta karata: nyekundu ni zamu ya kikosi cha Waingereza, nyeusi ni ya wenyeji. Hakuna ajuaye itatoka ipi, na hofu ya karata inayofuata imewafanya watu waipende kanuni hiyo kwa zaidi ya miaka 40. Wakigongana, wanapambana mmoja mmoja, dadu kwa dadu.

Kanuni hizo zilipata mtihani wake katika siku moja ya historia yenyewe. Tarehe 22 Januari 1879, mpakani mwa nchi ya Wazulu, yalitokea mapigano mawili, kilomita kama 15 tu kati yao. Kwenye kituo cha Rorke's Drift watu wapatao 150 walijifungia nyuma ya magunia ya mahindi na masanduku ya biskuti, wakawazuia Wazulu 3,000 hadi 4,000 usiku kucha. Isandlwana, asubuhi na mchana wa siku hiyohiyo, jeshi la Wazulu la watu 20,000 hivi liliwazunguka Waingereza na wasaidizi wao wapatao 1,800 na kuwaua zaidi ya 1,300.

Rorke's Drift hukaa mezani vizuri sana. Watetezi unaweza kuwaweka wote, mmoja kwa mmoja; jengo la hospitali linaungua, mtu anatoboa ukuta kumtoa mgonjwa, na kila uamuzi wa kijisanamu kimoja una maana. Isandlwana haikai. Ukitumia kanuni zilezile, utapata askari 20 wakipambana na Wazulu 20 mara mia, na hutaona kamwe kilichowaua Waingereza siku ile: mstari uliotandazwa mbali mno na kambi, na pembe mbili za jeshi la Zulu zikizunguka kutoka mahali ambapo jicho la kamanda halikufika. Hakuna jedwali la kulenga shabaha linaloweza kuonyesha pembe.

Hapo ndipo wabunifu walipogawanyika. Wengine walishikilia hesabu. Rapid Fire!, iliyotoka 1994 kwa ajili ya Vita Vikuu vya Pili, ilifanya kijisanamu kimoja kuwa kama watu 15 na kifaru kimoja kuwa vitano, lakini hisia ikabaki ya mapambano madogo: unarusha, unagonga, unaondoa. Wachezaji wa Marekani wana mbinu nyingine ambayo wao huiita kwa utani "bafu". Usibadili kanuni hata moja. Badili majina tu. Kombania iitwe divisheni, platuni iitwe brigedi, na operesheni nzima ya mwezi mmoja ichezwe kana kwamba ilifanyika ndani ya beseni la kuogea. Inachekesha, na inafanya kazi kuliko inavyostahili, ila tu divisheni yako inakuwa na bunduki tatu na inakimbia kwa sababu sajenti ameanguka.

Mwaka huohuo wa 1994, Frank Chadwick na Greg Novak walielekea upande mwingine kabisa kwa Volley & Bayonet: kibao kimoja, brigedi nzima. Aliyebandikwa humo ni pambo.

Hatua kubwa zaidi, kwa maoni ya wengi waliozijaribu zote, ilikuwa ya Phil Barker. DBA, ya mwaka 1990, ilimpa kila mchezaji vibao 12 tu, na mwanzoni mwa zamu dadu moja. Ikitoka 5, unaweza kusogeza vibao au makundi matano. Ikitoka 1, moja tu, wengine wote wanabaki wanatazamana. Barker aliitoa bahati mkononi mwa askari anayerusha mkuki akaipeleka kinywani mwa jenerali anayetoa amri. Baadaye Rick Priestley, mmoja wa watu watatu waliotunga Warhammer mwaka 1983 kwa ajili ya makundi ya mashujaa na mazimwi, alisogea njia hiyohiyo. Warmaster yake ya mwaka 2000, na kisha Black Powder aliyoiandika na Jervis Johnson mwaka 2009, zina kipimo cha uwezo wa kamanda. Tamka amri kwa sauti, rusha dadu mbili. Katika Black Powder, ukipata chini sana ya kipimo, kikosi kinaweza kusogea mara tatu. Ukizidi, hakiendi popote. Ukitamka amri ya kipumbavu, rafiki zako wanaishikilia.

Tofauti hiyo ndiyo inayoshindwa kuonekana kwa anayezidisha tu. Katika mapambano madogo swali ni: je, nimempata? Katika mapigano makubwa swali ni: je, amri imefika, na aliyeipokea ameelewa?

Mwaka 2014 Daniel Mersey alitoa Lion Rampant, kanuni nyepesi za vita vya zama za kati, na bila kukusudia akafungua mlango kwa wanaotaka kukuza. Vikosi vyake ni vya watu 12 au 6. Kikosi chenye zaidi ya nusu ya watu kinarusha dadu 12. Kikibaki nusu au chini yake, dadu 6. Basi. Kanuni haihesabu watu, inahesabu hali mbili tu, kamili na iliyochakaa, kwa hiyo haijali kama 12 hao ni watu 12 au kibao cha wapiga upinde 1,200. Ubandike watu wako, uweke alama ya hasara pembeni, kazi imekwisha. Tatizo liko kwingine. Ukishindwa kukiamsha kikosi kimoja, zamu yako imekwisha yote. Ukiwa na vikosi sita ni jambo la kuchekana. Ukiwa na ishirini, mrengo wako wa kulia utakaa jioni nzima ukiota jua kwa sababu wapiga upinde wa kushoto wamegoma. Mersey mwenyewe, alipoandika The Men Who Would Be Kings ya vita vya kikoloni mwaka 2016, aliachana na utaratibu huo: kila kikosi kina kiongozi wake, mwerevu au mpumbavu, na kushindwa kwa mmoja hakuwafungi wengine.

Na kuna mapigano ya kikoloni yanayozijaribu kanuni hizi hadi mfupani, nayo yalipiganwa Tanga.

Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Uingereza, Fox, ilifika mbele ya bandari. Nyuma yake palikuwa na meli zilizobeba watu wapatao 8,000 waliotoka India chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Nahodha wa Fox, Caulfeild, aliutaka mji usalimu amri, akauliza kuhusu mabomu ya majini, akasubiri jibu, kisha akaanza kuyatafuta mabomu ambayo hayakuwepo. Muda huo treni za Usambara zilikuwa zikishusha askari kutoka Moshi. Kamanda wa Wajerumani, Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, alipofika alipanda baiskeli usiku akaizunguka bandari kujionea meli mwenyewe. Kufikia mchana wa tarehe 4, aliposhambuliwa kwa nguvu zote, alikuwa na watu 1,000 hivi, wengi wao askari Waafrika wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Ujerumani, baadhi wakiwa na bunduki za zamani za mwaka 1871 zinazotoa moshi mzito. Kufikia tarehe 5 Waingereza walikuwa wanarudi melini, wamepoteza zaidi ya watu 800, wakiacha ufukoni mamia ya bunduki na mamia ya maelfu ya risasi.

Anayeketi kuipanga Tanga mezani huanza na rula. Meza ya kawaida ni futi 6 kwa 4, yaani mita 1.8 kwa 1.2. Ili mji na Ras Kasone, waliposhukia Waingereza, viingie pamoja, sentimita 1 lazima iwe mita 20 hivi. Meza nzima inakuwa kilomita 3.6 kwa 2.4. Kombania ya watu 160 iliyojipanga hatua moja moja inachukua mita 160, yaani sentimita 8. Hapo vinakaa vijisanamu vitatu vya kawaida vya milimita 28. Kwa hiyo kombania ni kibao kimoja chenye watu watatu: Lettow-Vorbeck anapata vibao 6, Aitken 50. Kijisanamu kimoja ni watu 50 na kidogo.

Kisha bunduki. Kanuni nyingi za mapambano madogo zinaipa masafa ya sentimita 45 au 60, na hakuna anayelalamika, maana ikipimwa kwa urefu wa kijisanamu chenyewe hizo ni mita 25 hadi 35 tu; masafa ya kweli ya mita 400 yangehitaji sakafu ya mita 7. Lakini kwa kipimo cha ardhi cha Tanga, sentimita 45 ni mita 900, na hakuna aliyeona mita 900 ndani ya mashamba ya mpira na mkonge. Masafa lazima yakatwe hadi sentimita 10 au 15. Mwendo wa sentimita 15 kwa zamu nao ni mita 300 za vichaka na jasho, dakika 10 si nyingi. Kutoka saa nane mchana hadi giza la saa kumi na mbili na nusu, zinapatikana zamu 27. Ni nyingi kwa jioni moja, ila zinapungua ukianza pale moto ulipowaka kweli.

Hapo hesabu inagoma. Kwa uwiano huo kombania ya Kijerumani ina watu watatu wa risasi, na zile bunduki za kufyatua mfululizo, ambazo askari wa zamani waliziita bombomu, hazina hata robo ya kijisanamu. Lakini bombomu ndizo zilizowamaliza 101st Grenadiers upande wa kushoto wa Waingereza walipokuwa wakijaribu kuuzunguka mji. Ukifuata uwiano kwa uaminifu, unaondoa kilichoamua vita. Wanaojua huweka kibao cha bombomu peke yake, nje ya uwiano, na kukipa dadu nyingi kuliko idadi ya watu wake. Huo ni udanganyifu wa wazi, na ni wa lazima.

Uongozi unahitaji mkono huohuo. Kwa mtindo wa Black Powder, Aitken astahili kipimo cha chini kabisa kinachomruhusu bado kucheza, huku makamanda wa kombania za Kijerumani wakipewa vipimo vya juu kila mmoja kivyake, akiwemo Tom von Prince, ambaye watu wa bara walimjua kwa jina la Bwana Sakarani na ambaye aliuawa siku hiyo. Vikosi vya Aitken navyo havipaswi kufanana. Loyal North Lancashire na Wakashmiri walipenya hadi mitaani. 63rd Palamcottah walivunjika mapema. Mpangaji anayewapa wote thamani moja kwa kuwa "ni Waingereza" ameshapoteza nusu ya hadithi.

Na nyuki? Kiswahili kimewahi kuiandikia Tanga kichekesho chake chenyewe. Mzinga ni wa kurusha kombora, na mzinga ni wa nyuki. Mizinga ya milimani ya Waingereza haikushushwa. Ilifyatua ikiwa juu ya sitaha ya meli, bila kuona vizuri inachopiga. Mizinga iliyofanya kazi ni ile iliyoning'inizwa mitini na wafuga nyuki wa pale. Risasi zilipoipasua, nyuki walitoka kwa hasira wakawatawanya askari wa 98th Infantry, na hawakuchagua upande, maana wahudumu wa bombomu za Kijerumani nao waliumwa. Wachezaji hupenda kuandika ukurasa mzima wa kanuni za nyuki, na kila mara huharibu jioni. Inatosha karata moja ya nyuki ndani ya fungu: ikitoka, kibao kilicho karibu zaidi na miti, cha yeyote, kinarudi nyuma zamu moja. Kisha watu wacheke, waendelee.

Kilicho kigumu kuliko nyuki ni tarumbeta. Jioni ya tarehe 4, katika machweo na moshi, mlio wa tarumbeta upande wa Kijerumani ulieleweka vibaya, na kombania nyingi zikaondoka mstarini zikaelekea kambi iliyokuwa magharibi ya mji. Kwa saa kadhaa mji wa Tanga ulikuwa karibu mtupu. Waingereza, waliokuwa wakijikusanya ufukoni wakihesabu majeruhi, hawakujua. Lettow-Vorbeck alipogundua kosa alianza kuwarudisha watu wake gizani.

Hakuna dadu ya kulenga wala uwiano unaolibeba jambo hilo. Linahitaji mwamuzi, yule mwamuzi wa Reisswitz ambaye maafisa wa mwaka 1913 walimlalamikia kwa Wells. Katika zamu za mwisho anamwita mchezaji wa Kijerumani pembeni, anamwonyesha karata ya tarumbeta, na wawili hao wanarudi wakiwa kimya. Vibao vya kombania vinabaki vimesimama mezani mbele ya mji kama vilivyokuwa, rangi za vifungo zinang'aa chini ya taa, lakini kwenye karatasi ya mwamuzi vimekwisha kuandikwa kuwa viko kilomita kadhaa magharibi. Upande wa pili, mchezaji wa Aitken anavitazama, anahesabu vibao alivyobaki navyo, arobaini na kitu dhidi ya sita, anatazama dadu alizozirusha vibaya mchana kutwa, kisha anauliza kama mashua zinaweza kusogezwa karibu zaidi na ufuko.